Upande wa Kulia Hausemi

Jumatatu, 3 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko bondeni kwenye mawe yako. Sisi huku wazima, ila mimi nimebakiza kidogo tu nipandwe na wazimu. Dereva wa lori la mahitaji ameniapia kwamba Alhamisi itakuwa mkononi mwako, kwa hiyo usije ukanijibu kwamba hukuipata. Mtandao huko haufiki, lakini karatasi inafika.

Nianze na la juzi. Mteja wangu, mwalimu mkuu mstaafu, mama mwenye mwili na heshima zake, amesimama katikati ya chumba cha kushonea, mikono juu, nampima kifua. Mara chumba cha pili: pa-pa-pa-pa! Mama wa watu akajitupa chini na tepu yangu ikiwa bado imemzunguka, na mimi nikaenda naye. Kumbe ni binti yako na lile gemu lake, anapigana vita kwenye televisheni na watu asiowajua. Mama aliinuka, akavaa viatu, akachukua kitambaa chake akaondoka. Sijamwona tena.

Sisemi asicheze. Masomo yake hayajaanguka, na wenzake wa timu ni watoto wenye adabu, nimewasikia wanavyoongea. Ninachotaka umnunulie hedifoni, kelele zake abaki nazo mwenyewe kichwani. Na ziwe zisizo na waya. Waya wa pedi yake ya kuchezea umeshaniangusha mara mbili nikipita na nguo za watu, na goti langu si la kuanguka mara ya tatu.

La pili, na hili ndilo kubwa: mwanao hasikii. Tangu arudi kutoka kwako likizo ya Desemba amebadilika. Nikimwita mara moja, kimya. Mara mbili, kimya. Mara ya tatu nikipaza sauti, anageuka kwa mshangao kana kwamba mimi ndiye niliyekosa adabu. Miaka tisa nimekaa naye tangu mama yake atutoke, hakuwahi kunifanyia hivi. Mwalimu wake wa darasa naye kaniletea kikaratasi: mtoto hasikii. Ulimlisha nini huko? Umemdekeza siku kumi, mimi navuna mwaka mzima.

Dada yako

*

Alhamisi, 6 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Barua nimeipata na nimecheka peke yangu mpaka wenzangu wa mtambo wakaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Mpe pole huyo mwalimu mkuu. Mwambie huku kwetu tunalipua mlima mzima ili barabara ipite, na hatulali chini kiasi hicho.

Hedifoni nakubali. Mpeleke mtoto kwa yule fundi wa vyombo vya sauti aliyetutengenezea redio ya marehemu baba. Achague mwenyewe, lakini zilizo bora. Kitu rahisi kinagharimu mara mbili. Dereva atakuletea bahasha.

Kuhusu kutosikia, hilo limenichoma. Likizo ilikwenda vizuri tu, hakuna la kusimulia, na wala sikumdekeza. Labda ni umri. Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi sitaki avunjike akiwa mikononi mwako wewe uliyemlea. Ile shule ya bweni uliyoniambia mwaka jana, kule kwenye kengele ya saa kumi na moja alfajiri, waombe fomu. Wanapokea wapya tarehe thelathini na moja Machi. Mpe mwezi mmoja. Akijirekebisha tutaichana, asipojirekebisha nitaisaini.

Mwambie Kiberiti wangu aniandikie mwenyewe anavyochagua hizo hedifoni. Nataka kujua kama akili ya kuchagua anayo.

Mdogo wako

*

Alhamisi, 13 Februari

Baba mpenzi,

Shikamoo. Naandika haraka, lori linaondoka saa nane.

Umeuliza ninavyochagua. Baba, kwenye gemu letu macho ni nusu tu, nusu nyingine ni masikio. Adui yuko nyuma ya ukuta, humwoni, lakini unasikia viatu vyake kwenye changarawe. Kwa hiyo hedifoni si pambo. Fundi amenifundisha mengi. Kwanza ni kuchelewa. Zile za blututhi za kawaida, za kusikilizia muziki, sauti inachelewa kidogo sana, na kwa muziki huwezi kujua. Kwenye gemu, mlango unafunguliwa, adui anaingia, anakupiga, ndipo unasikia kitasa. Kwa hiyo natafuta zenye kile kidude chao cha kuchomeka kwenye mashine ya gemu, sauti inakuja papo hapo.

Halafu maiki. Ile ya kukopa niliyokuwa natumia inachukua kila kitu. Wenzangu wakisikia cherehani ya Shangazi wanauliza ni bunduki gani hiyo na mimi nimeipata wapi. Nyingine zina mito ya ngozi bandia, baada ya nusu saa masikio yanaoga jasho, nyingine zina mito ya kitambaa, hizo ndizo nzuri. Nyingine nzito, shingo inauma. Chaji lazima ikae siku mbili. Fundi ni mtu mwema, anaruhusu kuondoka nazo siku moja kuzijaribu nyumbani.

Za kwanza nimezirudisha. Upande wa kulia hausemi. Nadhani ni za kiwanda kibovu. Nataka zenye nguvu sana upande wa kulia.

Baba, habari za bweni nimezijua, maana Shangazi aliiacha barua yako mezani chini ya mkasi. Mimi nasikia. Sijawahi kumjibu Shangazi vibaya hata siku moja, muulize. Tafadhali usisaini. Nikiondoka nani atamtungia uzi kwenye sindano? Miwani hataki kuvaa.

Lile tuliloahidiana sijamwambia mtu.

Kiberiti wako

*

Jumatano, 26 Februari

Mdogo wangu,

Hedifoni tano! Tano! Bibi harusi hachagui gauni hivyo, na mimi nimeshona mabibi harusi arobaini na kitu.

Kila mara anakwenda kwa fundi, anarudi na boksi, anavaa, anabonyeza, anakunja uso, kesho yake anarudisha. Wimbo ni mmoja: upande wa kulia hausemi. Nimevaa mimi mwenyewe zile za tatu. Nilizivaa kiburi kikiwa kimenijaa, nikasikia watu wanatembea kulia na kushoto mpaka nikageuka kuangalia nani kaingia chumbani. Nikamwambia hizi nzima. Ananiambia, "Labda kwako, Shangazi." Labda kwangu! Fundi wa watu anapokea boksi lake, anamtazama mtoto kwa namna fulani nisiyoielewa. Nadhani ni huruma ya kuona mtoto wa watu anaharibika.

Sasa sikiliza la jana. Amekaa kwenye kiti chake, mimi nimesimama hapo hapo kulia kwake, hatua mbili, nimeshika pindo la mteja. Sina mkono wa ziada. Pasi iko juu ya gauni la hariri, mbele yake. Namwambia, "Nyanyua pasi." Kimya. "Nyanyua pasi, mama." Kimya, anatazama dirishani. Hedifoni wala hakuvaa, ili usije ukasema ni hizo. Nilipopiga kelele, hariri ilikuwa imeshafanya tundu la ukubwa wa sahani. Ameomba radhi akalia, lakini machozi hayashoni hariri.

Nimempenda mtoto huyu kuliko nilivyowahi kusema. Lakini dharau siiwezi. Fomu nimeijaza, hii hapa ndani ya bahasha, bado saini yako tu.

Dada yako

*

Jumamosi, 1 Machi

Dada yangu,

Shikamoo, na pole kwa hariri.

Nimekaa na fomu siku mbili mezani. Leo nimeisaini. Tarehe thelathini na moja mpeleke wewe, mimi sitaweza kumtazama usoni. Fomu utaipata Ijumaa pamoja na barua hii.

Kitu kimoja tu nakuomba kabla ya siku hiyo. Mtambo wangu ukigoma, fundi haniambii umegoma basi. Anaandika kwenye karatasi kilichogoma, akaweka jina la kazi yake chini. Mwombe fundi wa sauti aniandikie hivyo hivyo. Hedifoni tano, kila moja ina kasoro gani. Kama kweli ni mbovu, nitajua mtoto hakudanganya kwa hilo walau. Na kama ni nzima, basi dawa yake ni hiyo kengele ya alfajiri. Sitaki kumhukumu mwanangu kwa kosa la kiwanda.

Mdogo wako

*

Jumatatu, 10 Machi

Mzee wangu,

Salamu kutoka kwa fundi wako wa vyombo vya sauti. Dada yako amenifikishia agizo kwamba niandike kilichogoma. Mimi nimezoea bisibisi kuliko kalamu, unisamehe mwandiko.

Hedifoni zote tano nimezifungua na kuzipima. Hakuna hata moja yenye kasoro. Za kwanza nilizipima, kisha nikaziuza kwa mteja mwingine, ameridhika nazo. Za nne maiki yake iko chini kidogo, lakini binti hakulalamikia maiki, alilalamikia upande wa kulia. Zote alilalamikia upande wa kulia.

Wiki iliyopita hilo lilinikosesha raha. Kifaa kibovu kina tabia yake, kinakoroma, kinakatakata, kinazima. Hakuna kiwanda kinachotengeneza vitu tofauti vitano vyenye ugonjwa mmoja. Kwa hiyo Ijumaa walipokuja yeye na dada yako kurudisha za tano, ambazo nilimwachia azijaribu zaidi, nilimwomba afanye jambo moja dogo. Nikamwambia, "Binti, zigeuze. Upande wa kushoto uweke kulia, wa kulia uweke kushoto." Mzee, kama ni hedifoni ndizo mbovu, basi ule ubovu ungehamia sikio la kushoto. Nikawasha sauti ya mtu anayetembea.

Ubovu haukuhama. Ulibaki kulekule, kulia.

Nikamvua. Nikasimama nyuma yake upande wa kulia nikasema kwa sauti ya kawaida, "Nikupe soda?" Hakugeuka. Nikahamia kushoto nikasema hivyo hivyo, akajibu, "Hapana, asante." Nilirudia mara tatu, mara zote ni hivyo. Yeye alishajua ninachofanya, maana nilipomaliza alikuwa analia bila kutoa sauti.

Dada yako alikuwa amesimama mlangoni. Alikaa kwenye ngazi ya duka langu kwa muda mrefu, hedifoni mapajani, wateja wanampita. Nilimletea maji hakunywa. Ndiyo maana naandika mimi na si yeye, maana aliniambia kalamu haishikiki.

Mimi ni fundi wa vyombo, si daktari. Ninachoweza kukuandikia ni hiki: kilichogoma si hedifoni. Mpelekeni binti hospitali ya masikio haraka. Hedifoni za tano nimempa abaki nazo mpaka mjue.

Ni mimi, Fundi wa Sauti

*

Jumatano, 12 Machi

Baba,

Najua barua ya fundi itafika pamoja na hii. Naomba usikasirike.

Nilijua tangu Desemba. Tangu ule mlipuko, sikio la kulia ni kama limefungwa na godoro. Mwanzoni lilikuwa linalia ngiii, baadaye likanyamaza kabisa, siku nyingine linawasha. Nilidhani litafunguka lenyewe. Halafu nilidhani nikipata hedifoni zenye nguvu sana zitapenya. Ndiyo maana nilizirudisha zote. Sikuwa nachagua, Baba, nilikuwa natafuta itakayofika.

Sikumwambia Shangazi kwa sababu angeuliza imekuwaje, na wewe uliniambia msimamizi wako akijua kwamba nilikuwa kule kilimani siku ya baruti, kazi imekwisha. Nikaona bora niitwe mkaidi. Mkaidi anapelekwa bweni tu, lakini wewe ukikosa kazi tutakula nini?

Shangazi tangu Ijumaa hasemi nami. Hagombi, hasemi tu. Fomu imefika ikiwa na saini yako na hajaigusa. Ananiwekea chakula upande wa kushoto.

Kiberiti

*

Alhamisi, 13 Machi

Dada,

Sitaanza na shikamoo, nitaanza na kosa langu. Dereva nimemzuia asiondoke mpaka nimalize kuandika, anapiga honi nje na aendelee kupiga.

Ni mimi. Desemba, siku ya nne ya likizo, mtoto aliniomba kuona mlima unavyolipuliwa. Kanuni zinakataza. Nilimpeleka hata hivyo, kwa kujionyesha tu, ili aone baba yake anafanya kazi kubwa. Nilimweka nyuma ya jiwe mahali nilipodhani ni mbali. Baruti ikatangulia king'ora. Nilikuwa na muda wa kupiga kelele mara moja tu, "Ziba masikio!" na mlima ukaondoka. Tulipoinuka vumbi limetujaa, alikuwa anacheka, nami nikacheka kwa woga. Nikamwambia hii ni siri yetu. Mtu mzima mimi, nikamtwika mtoto siri, halafu nikasaini karatasi ya kumfukuza nyumbani kwa sababu ameibeba vizuri.

Ulipoandika hasikii, nilisoma ukaidi. Kiswahili kimetupa neno moja kwa mambo mawili, na sisi watu wazima wote, wewe, mimi na mwalimu wake, tukachagua lile linalompa mtoto kosa.

Jioni hii nimemwambia msimamizi kila kitu. Hajanifukuza bado. Amesema atafikiri, na kwamba nikipata mtu wa kushika mtambo niondoke kuja kwenu tarehe ishirini na saba. Wiki mbili. Nitazihesabu kwa saa.

Chana fomu. Mpeleke kwa daktari Jumatatu, usisubiri mimi. Huku nina wenzangu watatu ambao baruti imewamaliza masikio, na hakuna aliyepona. Nawaona kila siku wanavyotazama midomo ya watu. Sijaweza kula tangu niisome barua ya fundi.

Mdogo wako, asiyestahili

*

Jumatatu, 17 Machi

Mdogo wangu,

Kaa chini kwanza. Ni habari njema. Mwanao anasikia. Masikio yote mawili, mazima, daktari kapima kwa mashine na karatasi ninayo.

Sasa pumua, nikusimulie.

Barua yako niliipata Ijumaa. Nilikulaani mpaka jioni, halafu nikachoka. Usiku sikulala. Leo saa mbili asubuhi tulikuwa wa kwanza kwenye benchi la hospitali, mimi nimekaa kushoto kwake. Daktari ni msichana mdogo, nimeshona sare za wakubwa kuliko yeye, nikasema moyoni, huyu naye atajua nini. Tukamweleza mlipuko, na baruti, na miezi mitatu. Akanuna. Akachukua kile kitaa chake akachungulia sikio la kulia. Akachungulia tena. Akasema, "Humu kuna mgeni."

Nikauliza mgeni gani. Akachukua koleo jembamba kama la kunyofolea uzi, akamwambia mtoto asitikisike, akaingiza, akavuta polepole. Kikatoka kitu cheusi, kimezungukwa na nta, kina umbo la mende. Mimi nilipiga yowe, korido nzima ikasimama. Akakiosha kwenye maji ya vuguvugu, akakiweka juu ya pamba. Mdogo wangu, kilikuwa kipira. Kile kipira laini kinachovalishwa kwenye ncha ya hedifoni ndogo za kuchomeka sikioni!

Mtoto akakitambua hapo hapo. Anasema siku ile kule kwako alikuwa nazo shingoni, zile za bei ya karanga. Ulipopiga kelele azibe masikio, hakuwa na muda wa kutafuta vidole, akazisokomeza zote mbili kwa nguvu zake zote. Alipozichomoa baadaye, moja ilikuwa haina kipira. Akadhani kimeanguka kwenye kokoto, hakukitafuta. Siku zote hizi kilikuwa kimejikalia humo ndani, nta inakizungushia ukuta.

Daktari anasema ngoma ya sikio haina hata mkwaruzo. Anasema kwa mlipuko wa karibu hivyo huenda hivyo vipira ndivyo vilivyomkinga, ingawa hakumshauri mtu yeyote ajikinge hivyo, na kwako wewe ana maneno ambayo nimekataa kuyaandika. Umeelewa? Mtoto uliyemwambia zibe, aliziba. Siku hiyo alisikia amri ya baba yake kuliko sisi sote tulivyowahi kusikia amri ya mtu.

Pale pale kwenye kiti akashtuka, akashika meza. Nikauliza, unaumwa? Akasema, "Shangazi, hii feni inapiga kelele hivi?" Mimi nilikwenda dirishani nikatazama magari, maana daktari alikuwa anatuangalia.

Fomu sikuichana, ni karatasi ngumu nzuri. Nimechorea kola na kuikata. Tumerudi, tumekula, mambo yamekwisha. Ila na wewe bado tuna kesi, na nitaisikiliza ana kwa ana.

Dada yako

*

Alhamisi, 20 Machi

Dada yangu, shikamoo. Na Kiberiti wangu, barua hii ni yenu wote wawili, mkae upande wowote mtakao.

Niliisoma nimesimama kando ya mtambo. Nilipofika kwenye neno "mazima" nikakaa juu ya tairi. Wenzangu wakaja mbio wakidhani nimefiwa. Nimewaambia ni vumbi. Wale watatu ambao masikio yao yamekufa hawakunielewa, ikabidi niwaandikie kwenye mchanga: MTOTO ANASIKIA. Mmoja wao alinikumbatia mpaka kofia yangu ya chuma ikaanguka.

Msimamizi ameamua. Nimepewa onyo la maandishi na sitaendesha mtambo miezi miwili, nitabeba bendera nyekundu ya kuzuia watu wasisogee karibu na baruti. Ni adhabu ya haki. Naibeba kwa furaha kuliko nilivyowahi kuendesha kitu chochote.

Likizo yangu nimeisogeza, nakuja Aprili shule zikifungwa, nikae nanyi wiki mbili nzima. Nimekula leo, sahani tatu.

Mwanangu, sitakupa siri tena kamwe. Ukiwa na maumivu, yaseme, hata kama yatanifukuzisha kazi duniani na mbinguni.

Baba yako

*

Jumatano, 26 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo. Hongera kwa bendera. Kipira daktari alinipa kwenye kichupa, Shangazi anasema nitupe, mimi nimekataa.

Sasa ndiyo nimechagua kweli. Jumamosi nilirudi kwa fundi akazipanga mezani tena, zote isipokuwa zile za kwanza alizoziuza. Baba, ni kama dukani wamebadilisha bidhaa! Zile za pili, nilizokuwa nadhani ni mbaya kuliko zote, kumbe zina sauti pana, lakini zinabana kichwa. Za nne maiki inanong'ona, fundi alisema kweli. Za tano zina mito ya ngozi. Nimechukua za tatu. Kitambaa, nyepesi, kidude chake cha kuchomeka, hakuna kuchelewa. Ni zile zile Shangazi alizosema nzima, na amenikumbusha mara sita mpaka sasa.

Gemu la kwanza nilikufa baada ya dakika moja. Kulikuwa na mtu kulia, nikamsikia wazi kabisa, nikasimama tu namsikiliza anavyotembea. Wenzangu wakafoka, "Unafanya nini?"

Kuna jambo lingine. Shangazi amekwambia mambo yamekwisha, sivyo? Nami alikuwa bado hajaniambia kitu juu ya yale aliyonidhania. Amenishonea mto wa kiti, amenipikia ninachopenda siku nne mfululizo, lakini neno hakusema. Nikaona basi, yuko hivyo.

Jana jioni nimekaa kwenye kiti changu, hedifoni kichwani, pedi mkononi. Hizi zikivaliwa zinafunga kelele za nje, Shangazi analijua hilo, alishavaa. Asichojua ni kwamba zilikuwa zimeisha chaji, nikawa nimelegeza upande wa kulia kupata hewa na nimesahau kuzivua. Cherehani ikanyamaza. Akaja akasimama nyuma yangu, upande wa kulia. Nikadhani anataka pasi. Akasema kwa sauti ya chini sana, kama mtu anayejaribu nguo kabla mteja hajaja:

"Nisamehe, mwanangu. Nilikuita, nikakuita, nikasema unanidharau. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa sisikii. Nisamehe, mama."

Halafu akasema, "Kesho nitamwambia akiwa amevua," akarudi kwenye cherehani.

Sikugeuka, Baba. Nilibonyeza pedi, kioo kilikuwa hata hakina gemu, macho yamejaa sioni kitu. Leo nimevua hedifoni tangu nirudi shule na nimekaa karibu naye. Ameniuliza mara mbili kama nina njaa. Hajaweza bado. Anafungua mdomo, anaweka pini mdomoni.

Usimwambie kwamba nilisikia. Mwache aniambie mwenyewe, ninataka kulisikia mara ya pili.

Kiberiti wako